Mashine Haisomwi Kwenye Picha

Mjukuu wangu, Jumapili tulipotoka kanisani ulinionyesha kwenye simu picha ya mashine ya kuchomelea iliyokwisha kutumika, ukaniuliza, "Babu, niichukue?" Nilinyamaza, nawe ukadhani sikupendezwa. Nilipendezwa sana. Ila swali lako linataka jibu refu kuliko njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani, na nilitaka wenzako wa hapa Katelembo nao walisikie, maana najua wengi wenu mna picha kama hiyo kwenye simu.

Kwanza nikutoe hofu. Kuanza na vitu vikuukuu si aibu wala si dalili ya umaskini. Kamukunji yote ya Nairobi, pale karibu na stendi ya mabasi inayobeba jina la mji wetu wa Machakos, ilijengwa na watu waliochukua pipa tupu, springi ya gari na kipande cha reli wakavigeuza kuwa jiko, tindo na fuawe. Sisi wa rika langu tulikwama kwenye jambo jingine: umeme. Fundi aliyetaka kuchomelea plau ya mteja aliibeba hadi Machakos mjini akapanga foleni. Mpango wa kusambaza umeme ulioanza mwaka 2015, ule wa kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma kwa shilingi 15,000, ndio uliofanya kijana kama wewe aweze kufikiria karakana nyuma ya nyumba ya mama yake. Na kazi ipo. Milango, vibanda vya kuku, vitako vya matangi ya maji, mikokoteni ya punda, plau zinazovunjika msimu wa kulima ukifika. Kwa hiyo sikuambii ungoje mkopo wa kununua vitu vipya. Ninachokuambia ni kwamba usinunue kitu ambacho hujakigusa, hujakinusa, hujakifungua na hujakiwasha.

Tena usianze na mashine. Najua cheche ndizo zinazowavuta vijana, lakini fundi hutumia sehemu kubwa ya siku yake kupima, kukata, kupiga tupa na kushikilia. Kabla ya mashine uwe na jiliwa, ile mnayoiita vaisi, na meza nzito ya kuifungia. Kisha nyundo mbili, msumeno wa chuma, tupa, skwea na kempu za kubania kazi isikimbie. Mtu mwenye vitu hivyo bila mashine anaweza kupata kibarua kwa fundi mwingine. Mwenye mashine bila vitu hivyo hutengeneza mageti yaliyopinda.

Jiliwa yangu unaijua, umeikalia tangu ukiwa mdogo. Niliikuta kwenye lundo la vyuma chakavu mjini, imelala chini ya rimu za lori. Ilikuwa imeganda kabisa. Sementi ilikuwa imeingia kwenye meno ya skrubu, mpini umepotea, na taya zimeliwa na kutu hata zikawa kama mkate uliotafunwa na panya. Mwenye yadi aliipima kwa kilo kama chuma kingine chochote. Kabla ya kulipa nilifanya jambo moja tu: niliinyanyua kwa kamba, nikaigonga mwilini kwa nyundo ndogo. Chuma cha kumiminwa kikiwa kizima hutoa mlio ulio wazi. Kikiwa na ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ililia vizuri, nikalipa.

Nyumbani niliilaza siku tisa kwenye beseni la dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia. Kila asubuhi nikitoka kukamua niligonga kichwa cha skrubu mara chache, polepole, kisha nikaiacha. Siku ya kumi ikasogea upana wa ukucha. Hapo ndipo vijana wengi huharibu, kwa sababu huchukua bomba refu wakalitia kwenye mpini na kulazimisha, na skrubu hukatika. Mimi niliirudisha nyuma, nikatia mafuta, nikaisogeza tena, mbele na nyuma, hadi jioni ikatoka yote. Sementi niliichokoa kwa msumari, jino baada ya jino.

Kutu niliitoa kwa magadi, yaleyale tunayotumia kuivishia maharagwe, yanayochimbwa kule Ziwa Magadi. Jaza maji kwenye beseni la plastiki, utie kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwa kila lita 5. Ning'iniza pembeni kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji, ukifunge waya chanya wa chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi ufunge kwenye kile unachokisafisha, na viwili hivyo visigusane. Ukibadilisha waya, chombo chako ndicho kitakacholiwa. Usitumie stenlesi mahali pa kile kipande, kwa kuwa maji yatatoa kromiamu yenye sumu. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, maana mapovu yanayopanda ni haidrojeni na haidrojeni hulipuka. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi niliipiga brashi, matope meusi yakatoka, na chini yake zikajitokeza herufi zilizokuwa zimefunikwa: RECORD, na jina la mji wa Sheffield ilikotengenezwa. Nilikaa nikiziangalia hadi chai ikapoa.

Taya zilibaki. Nilikata vipande viwili kwenye springi ya gari, lakini springi haitoboleki kwa keekee ikiwa ngumu vile. Niliipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaizika kwenye jivu la makaa usiku mzima ipoe taratibu. Asubuhi ilikuwa laini, nikaitoboa, nikaipiga tupa. Kisha nikaipasha tena na kuizamisha kwenye mafuta ikarudi ugumu wake, na mwisho nikaipasha kidogo tu ili isiwe ya kuvunjika kama kioo. Taya hizo bado zinauma.

Nimekaa sana kwenye habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifunza kutofautisha ubovu na ubovu. Kutu, grisi iliyokauka, mpini uliopotea, plagi iliyovunjika, waya uliokatwa, kaboni za grainda zilizokwisha: hayo yote ni sababu ya kumwomba muuzaji apunguze bei, kwa kuwa unaweza kuyatengeneza kwa muda na pesa kidogo. Ufa kwenye chuma cha kumiminwa, meno ya skrubu yaliyolika hadi yakawa membamba, koili iliyoungua, kadi ya umeme yenye doa jeusi: hayo mwachie mwenyewe, hata akikupa kwa nusu bei. Tupa kuukuu nazo usizitupe. Zilaze usiku kwenye siki, zipige brashi ya waya, zisuuze kwa maji ya magadi, uzikaushe na kuzipaka mafuta. Nyingi huamka. Na grainda isiyo na kinga yake ya kufunika diski usiiwashe hata kwa majaribio, wala usitumie diski kuukuu ambayo muuzaji anakupa kama zawadi. Tazama kwenye kile kipete cha chuma katikati ya diski, tarehe ya mwisho imechapwa hapo.

Sasa mahali pa kununua. Pana yadi za chakavu mjini Machakos, pana Gikomba na Kamukunji, pana makampuni yanayofunga karakana na kunadi vitu vyao, na pana wajane wa mafundi, ambao nakuomba usiwapunje. Mjane hajui thamani ya kilichomo kwenye lile sanduku la marehemu. Wewe unajua. Mweleze ukweli, kisha mpatane.

Kuna jambo lililonipata ambalo sijawahi kukuambia. Zamani, nikiwa na umri kama wako, mtu aliniletea mashine jioni sana, bei ikiwa chini mno, akisema ni ya mjomba wake aliyehamia Mombasa. Sikumwuliza jina la mjomba. Wiki mbili baadaye walikuja wanachama wa kikundi cha maji cha kijiji kingine na kuitambua kwa rangi ya mpini wake. Ilikuwa ya kisima chao. Niliirudisha, pesa zangu zikapotea, na kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakininong'oneza nikipita. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu ile bei ilinieleza kila kitu nami nikakataa kusikia.

Siku hizi mambo ni mazito zaidi. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na mnakumbuka Januari 2022, minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilipoanguka na nchi nzima ikaingia gizani. Mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha kwa muda biashara ya chakavu, kwa sababu ya watu wanaofungua nguzo na kukata nyaya za umma kuziuza kwa kilo. Kwa hiyo ukiletewa waya mnene wa shaba uliochomwa ganda lake, au chuma chenye alama ya reli au ya umeme, mfukuze huyo mtu. Kwa yadi, nunua kwenye yadi yenye leseni na upewe risiti. Kwa mtu binafsi, andika jina lake, namba ya kitambulisho na ya simu, tarehe na bei, na mtie sahihi nyote wawili. Anayekataa kuandikwa amekwisha kukujibu.

Tuje kwenye mashine yenyewe. Zipo za aina mbili ambazo utakutana nazo. Ya kwanza ni transfoma, nzito, inayonguruma, nyingine ya Uingereza iliyozama kwenye mafuta, nyingine iliyosukwa na mafundi wetu wa jua kali. Msiidharau hii ya jua kali, ikisukwa na mtu mwaminifu itamzika mwenyewe. Ya pili ni inveta, nyepesi ya kubeba begani, yenye kadi za elektroniki ndani. Transfoma iliyoharibika unaweza kuitengeneza hapa nyumbani. Inveta iliyoharibika mara nyingi itakutuma kwa fundi wa elektroniki, na ukimlipa mara mbili bei ya mashine mpya imefika. Kwa hiyo kama unanunua kuukuu na unataka kujifunza, nakushauri uanze na transfoma.

Uliza kwanza kwa nini inauzwa, kisha unyamaze umwache azungumze. Soma kile kibati cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240. Mashine zinazotoka Japani au Marekani nyingine zimeundwa kwa volti 100 au 120, ukizichomeka kwetu zinavuta moshi kabla hujashika rodi. Nyingine zinataka volti 415 za viwandani. Kisha fungua kifuniko, uweke pua karibu. Koili iliyoungua hunuka vanishi iliyokaangwa, na harufu hiyo haiondoki hata ipakwe rangi mpya. Rangi mpya kwenye mashine kuukuu, kwangu mimi, ni sababu ya kuifungua mara mbili. Kwaruza kwa ncha ya kisu mahali waya unapofungwa kwenye nati. Wekundu ni shaba, weupe ni alumini. Ya alumini si ya kutupa, lakini usilipe bei ya shaba, na viungo vyake vikaze kila mara maana hulegea na kupata joto. Kagua kebo nazo. Wapo wanaotoa kebo za shaba wakauza peke yake, wakamfungia mnunuzi kebo nyembamba ambazo hazifai hata kwa redio.

Kabla ya kuiwasha, pima kama umeme umegusa bodi. Testa ya kawaida haitoshi kwa mashine iliyolala miaka. Tumia megger inayosukuma volti 500. Ikisoma chini ya megaomu moja kati ya koili na bodi, usiwashe. Mara nyingi ni unyevu tu. Ipulize vumbi, iweke juani siku kadhaa, pima tena. Hapa kwetu nimewahi kutoa ndani ya mashine moja viota vitatu vya nyigu wa udongo na mjusi aliyekauka. Ikishindwa kupanda baada ya kukauka, iache.

Ikipita hapo, choma. Rodi moja haikuambii kitu, muuzaji yeyote anaweza kukuonyesha rodi moja. Beba zako mwenyewe, geji 10, zile za milimita 3.2, na uchome tatu mfululizo kwenye bamba nene kwa ampea 110 hivi. Sikiliza mngurumo ukibadilika. Shika kebo, shika plagi, shika kifuniko. Vuguvugu ni kawaida, lakini mahali pamoja panapounguza pana kasoro.

Kibati hichohicho kina asilimia ambayo wengi hawaisomi. Kikisema ampea 140 kwa asilimia 35, maana yake katika kila dakika 10 uchome dakika tatu na nusu, zinazobaki ipumzike. Umewaona mafahali wakilima matuta ya huku kwetu. Wakifika mwisho wa tuta mlimaji huwaachia pumzi kabla ya kugeuka, na hakuna anayemwita mvivu. Mashine nyingi ninazoletewa zikiwa zimeungua hazikuwa mbovu, zilinyimwa hizo dakika.

Na nyumba yako je, itaibeba? Fanya hesabu ndogo. Transfoma inayotoa ampea 120, ikiwa volti zake kabla ya kugusisha ni 60, huvuta kwenye laini yako kama ampea 30. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Ndiyo maana soketi huyeyuka na vyumba hushika moto. Inveta huvuta kidogo kuliko hapo, lakini nayo si ya kuchomeka pamoja na friji kwenye kiendelezo kimoja. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni akutolee laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, waya mnene, swichi yake ya kujikata na arthi ya kweli iliyozikwa ardhini. Pesa hizo ziweke kwenye bei ya mashine tangu mwanzo.

Kuhusu mafuta ya zile transfoma za zamani: usiyaguse kwa mikono mitupu, usipake kidonda, usimpe mtu akaangie chochote. Baadhi yake yana kemikali ziitwazo PCB ambazo dunia ilikubaliana kuziondoa, na hazitoki mwilini upesi. Na ukifungua inveta, chomoa plagi kisha usubiri. Kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuzimwa. Pima kwa maltimita kwanza, ndipo utie kidole.

Sasa mwili wako. Hapa sitakuwa mpole. Nilichomelea miezi minane kwa miwani ya jua kwa sababu bosi wangu alisema kofia ya kioo inapunguza kasi. Usiku mmoja niliamka macho yakiwa kama yamejazwa mchanga wa mto, machozi yakitiririka, mama yangu akinikanda kwa kitambaa cha maji baridi hadi alfajiri. Leo jicho la kushoto haliioni namba ya matatu hadi imefika. Nunua kofia yenye kioo namba 10 au 11 kabla ya kununua rodi. Kofia usinunue kuukuu iliyopasuka. Ni kitu kimoja ambacho nakuamuru ununue kipya.

Utaambiwa unywe maziwa yaondoe moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Chomelea mahali penye upepo, kichwa kiwe pembeni ya moshi. Paipu na mabati yenye zinki yakwangue kwanza. Ukivuta mafusho yake utatetemeka usiku kama mwenye malaria, na wapo mafundi waliomeza dawa za malaria kwa homa iliyotoka kwenye geti. Pipa lililowahi kubeba petroli au rangi usiliguse kwa moto, hata likiwa tupu mwaka mzima. Watu wamekufa kwa mapipa matupu.

Dada yako naye ananiuliza maswali mengi ya kuchomelea kuliko wewe. Mshirikishe, na mtafute daftari moja mtakaloandika kila chombo: kimenunuliwa kwa nani, lini, kilikuwa na kasoro gani, mmetengeneza nini. Mtakapokwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, nataka mwende na mikono inayokumbuka mliyoandika humo.

Kuhusu ile mashine ya kwenye picha, mwambie mwenyewe kwamba tutakuja Jumamosi saa tatu asubuhi, si jioni. Nitabeba megger yangu na rodi tatu za geji 10. Wewe uvae viatu vya ngozi na shati la pamba la mikono mirefu, na pesa uziache kwa mama yako hadi nitakapompigia simu kwamba rodi ya tatu imekwisha.